Nusu ya Kurudia

Viti arobaini na tisa, majina hamsini na matatu.
Nimeyaandika kwa penseli, maana huku kwetu,
Ureno ya milimani, watu hufariki bila kutoa taarifa,
na tayari nimemfuta Dona Guilhermina, kiti cha kumi na moja,
dirishani, upande wa mto.
Alikuwa amelipa.

Zeferino, dereva, nilimtandikia ramani ya reli
juu ya boneti: mstari mwekundu, mnyoofu.
Akacheka. Mama, reli ilitoboa mlima;
langu litauzunguka. Na lile daraja la Corvo
halibebi siku hizi hata mbuzi aliyeshiba.
Basi ikawa basi:
tutaifuata reli kwa mbali,
kama mtu anayemfuata mchumba wa zamani sokoni
huku akijifanya anachagua vitunguu.

Padri alitaka sala kila stesheni.
Stesheni kumi na mbili, Padri, tutafika Pasaka.
Tukapatana sala moja, fupi, injini ikiwa inaunguruma.
Halafu mikate ya chewa, nani ataikaanga, nani atailipia;
halafu swali ambalo wanahistoria hawaliulizi:
wazee arobaini na wanane watakojoa wapi?

Tulichelewa kuondoka dakika kumi na tatu.
Mtu kule nyuma akapiga makofi: kama zamani!
Kiti cha kumi na moja hakuna aliyekitaka,
hata wale wanne waliobanana kwenye gari la mwokaji mikate.
Tukakiwekea kapu la chakula
na nikaona mtu amelifunga mkanda.

Stesheni ya kwanza wanaishi Waholanzi,
wameanika soksi pale ilipokuwa saa.
Ya pili mtini umepasua paa la chumba cha kungojea
na umekaa humo peke yake, una subira.
Ya tatu sikuiona, nilikuwa nahesabu risiti.
Mataruma yamekuwa nguzo za mizabibu;
reli zenyewe ziliuzwa kwa kilo,
wakati tunabishana bado zilikuwa za nani.

Fonte Seca haina barabara.
Zeferino akasimama juu, kwenye kona,
tuitazame bondeni: ukuta mmoja, korongo wawili.
Ndipo akainuka kiti cha thelathini na nane,
Amândio Quintela, ambaye tangu asubuhi
hakuwa amesema hata "nipishe".
Akatoa kwenye pochi kikaratasi kigumu, rangi ya chai.
Nusu ya tiketi. Nusu ya kurudia.

Nilikwenda mjini kung'oa jino, akasema.
Jumatatu. Jumanne wakatuambia treni hakuna tena.
Nilirudi juu ya magunia ya lozi, shavu limevimba,
na lori halikuniuliza tiketi.
Sasa nimekuja kurudi.

Aliyemuuzia ni baba yangu.
Nambari ile saba, yenye mkia, ni mkono wake;
mkono uleule ulioendelea kufagia jukwaa
miaka mitatu baada ya kufungwa,
mama akimwita chakula kinapoa.
Koleo yake ya kutobolea nilikuwa nayo mkobani,
nimeileta iwe maonyesho, watu wapige picha.

Basi zima likanyamaza. Hata Padri.
Nikabana kwa mkono mmoja, nikabana kwa miwili.
Chuma kimeshaota kutu: kiliuma, hakikupenya.
Kiliacha alama ndogo ya mwezi mchanga,
kama meno ya mtoto kwenye mkate.

Amândio akaiinua tiketi kwenye jua,
akafumba jicho moja. Nuru haikupita.
Akaipangusa kwa kidole gumba, akairudisha pochini.
"Basi," akasema, "bado inafaa,"
akaketi, akaomba mkate wa chewa.

Zeferino akapiga honi. Nikahesabu vichwa:
arobaini na saba. Nikahesabu tena.
Dona Perpétua alikuwa kichakani,
anapiga kelele tumsubiri.